Bahati ya Nani?

Ndugu msomaji, huku kwetu hadithi ni moja tu. Panda basi Shinyanga uende Kahama, kisha uunge Kahama uende Geita. Kabla hujashuka utakuwa umeisikia mara 3. Fulani alikuwa hana hata nauli, akaingia duarani, akapiga jiwe lenyewe, na mwezi wa pili ana nyumba ya bati la rangi na gari ya kutembelea. Msimulizi hubadilisha jina la mtu na jina la machimbo tu: leo Nyarugusu, kesho Mgusu, keshokutwa Rwamgasa. Mwisho haubadiliki. Nawe ukiuliza wale wenzake walioingia naye duarani wako wapi siku hizi, basi zima linakutazama kama mtu aliyetia mchanga kwenye kitumbua.

Mimi si mchimbaji. Kazi yangu ni daftari. Niko karashani, upande wa Geita, pale mawe yanaposagwa. Naandika nani kaleta viroba vingapi, vimesagwa lini, na anadaiwa nini. Kwetu hasa ni Shinyanga. Usiku mashine zikizimwa masikio hubaki yanavuma na usingizi hauji upesi, kwa hiyo nasoma, nasikiliza nyimbo, au natazama sinema kwenye simu ya mshikaji wangu mmoja mwenye memori kadi iliyojaa kuliko stoo ya muuza mitumba. Katika mwaka huu uliopita yamenipitia mengi. Mengine ni takataka, sitayataja. Haya ninayoyataja yamenikaa, nami nitasema kwa nini. Ni maoni yangu, si hukumu ya mahakama. Asiyekubali achukue kalamu.

Kuna jambo lililonifanya nisome kwa macho makali. Nyumbani kulikuwa na shauri. Kaka yangu mkubwa alitaka ng'ombe aliowaacha marehemu baba wauzwe wote, 14, fedha iingie kwenye duara alilotafutiwa hisa na rafiki zake. Mayu, ndivyo tunavyomwita mama kwa Kisukuma, hakukubali wala hakukataa. Alisema kila mtoto atatoa neno lake, hata mimi kitinda mimba, akaweka na siku: baada ya mavuno. Basi miezi ile yote, kila kilichopita mbele yangu, kiwe kitabu, kiwe wimbo, nilikiuliza swali moja: bahati hii ni ya nani, na anailipia nani?

Nianze na Peponi. Hiki ni kitabu cha Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, 1948, aliyekwenda Uingereza akiwa kijana, na aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Alikiandika kwa Kiingereza, kikatoka 1994 kwa jina la Paradise. Kiswahili chake ni kazi ya Ida Hadjivayanis, na Mkuki na Nyota walikichapa 2022. Mimi nilikipata kwa mwalimu mmoja wa sekondari ambaye huazimisha vitabu kwa masharti makali kuliko ya benki: siku 10, na ole wako ukikunja pembe ya ukurasa.

Yusuf ni mtoto wa miaka 12. Baba yake ana hoteli ndogo katika mji wa reli, biashara haisimami, na anadaiwa na tajiri mmoja, Aziz. Siku moja mtoto anapandishwa treni pamoja na tajiri huyo, naye anadhani anakwenda kutembea. Kumbe yeye ndiye malipo. Ameondoka nyumbani kama rehani. Anayemfumbua macho ni Khalil, kijana wa dukani, ambaye naye yuko pale kwa deni la baba yake mwenyewe. Kinachotisha ni kwamba hakuna anayepiga kelele. Aziz ni mtu mpole, ananukia vizuri, anasali, hana maneno ya ukali. Deni lenyewe ndilo linalofanya kazi yote.

Nilipofika hapo nilifunga kitabu nikafungua daftari la karashani. Kwetu huku mwenye duara, au sponsa wake, huwalisha wachimbaji kabla jiwe halijatoka: unga, maharage, betri za tochi, dawa za malaria. Jiwe likitoka, kwanza linakatwa deni, halafu ndiyo mgao wa viroba. Lisipotoka, deni linabaki na mtu anabaki. Watoto hawamo kwenye daftari langu, la hasha. Lakini nimewaona mwaloni saa za shule wakiponda mawe, na ukiuliza unajibiwa kwa upole kabisa kwamba anamsaidia baba kumaliza jambo dogo. Upole ule ule wa Aziz. Kitabu kizuri nadhani ni hicho: unasoma habari za pwani ya zamani, unainua kichwa, unamwona jirani yako.

Hata hivyo nina ugomvi nacho. Katikati ya kitabu Aziz anapeleka msafara bara, na huko ndani, kwa mtawala aitwaye Chatu, mali yote inanyang'anywa. Kwa maoni yangu hizo ndizo kurasa nzuri kuliko zote. Lakini safari nzima tunaiona kwa macho ya mtu aliyetoka pwani. Wapagazi wapo, wanabeba, wanaugua, wanapigwa na mnyapara. Sauti zao ni za mbali. Na wapagazi wa misafara ya zama zile, msomaji wangu, wengi walikuwa Wanyamwezi na Wasukuma. Ni babu zetu sisi. Mimi nilitaka nisikie mzigo ulikuwa unamwambia nini aliyeubeba.

Ugomvi huo ulipata dawa mahali nisipotarajia. Rafiki yangu anayesoma chuo Mwanza alinionyesha kwenye kompyuta kitabu cha Mmarekani mmoja, Frank Gunderson, kilichotoka 2010, kuhusu nyimbo za kazi za Wasukuma. Mtu huyo alikaa huku kwetu akikusanya nyimbo za wawindaji, za wapagazi, za wakamata nyoka na za wakulima, akazipanga pamoja na maelezo ya wazee. Nilikisoma kwa tamaa. Yaani nyimbo ambazo sisi tulizichukulia ni kelele za shambani, za kina bibi, mwenzetu amezisafirishia kalamu kutoka ng'ambo. Humo msafara unasikika kutoka chini ya mzigo: mguu unauma, tajiri ana haraka, nyumbani ni mbali. Ukisoma Peponi, kisha ukazisoma nyimbo hizo, ndipo safari inakuwa nzima.

Jambo moja nililolishika humo ni kwamba wimbo wa kazi haukuwa pambo. Ulikuwa chombo, kama jembe. Watazame vijana wa bugobogobo: majembe yanapanda pamoja, yanageuzwa hewani, yanashuka pamoja, na ngoma ndiyo inayowaambia lini. Na bado wimbo unamsema mvivu, unamsema mwenye shamba bahili, unawasema hata viongozi. Mtu anafanya kazi huku anatoa maoni yake kuhusu kazi yenyewe. Karashani hakuna kitu kama hicho, kwa sababu mashine imechukua mdundo wote. Tunachobaki nacho ni spika ya bluetuthi ya mshikaji.

Na spika hiyo inapiga nini? Bongo Fleva, na hasa ile ya fedha, magari na wasichana. Siwalaumu wanaoipiga. Mtu aliyeshinda futi nyingi chini ya ardhi, vumbi mpaka kwenye kope, ana haki ya kusikia habari za gari jipya. Ila nyimbo nyingi za aina hiyo, ukizivua midundo, ni ile hadithi ya basi la Kahama: jana sina, leo ninazo. Kilichotokea kati ya jana na leo hakiimbwi.

Wimbo nilioupenda zaidi mwaka huu ni wa zamani. Mshikaji alikuwa anapiga "Salome" ya Diamond Platnumz na Rayvanny, ya 2016, nami nikamwambia huo una mama yake. Hakuamini mpaka nilipomtafutia "Maria Salome" ya Saida Karoli, ule ambao watu wengi wanauita "Chambua kama karanga", uliotoka 2001. Tulibishana hadi saa 5 usiku. Yeye anasema mpya una nguvu. Mimi nasema wa zamani una nafasi: sauti ile nyembamba ya Saida inaingia, ngoma inampisha, unasikia hata pumzi. Lakini sababu yangu hasa ni nyingine. Dada yule alitoka Bukoba akaimba kwa Kihaya, lugha ambayo wengi wetu hatuijui, na nchi nzima ikamfuata alipo. Hakuhamia kwetu, sisi tulihamia kwake. Enyi mnaoandika na kuogopa kwamba Kahama au Katoro si mahali pa kuweka hadithi, msikilizeni Saida kwanza.

Sasa sinema. Wenzetu wa rika la kaka zetu wanakumbuka vibanda vya kideo, mabenchi ya mbao, pazia jeusi mlangoni, na mtu wa kutafsiri. Jina lililovuma zaidi Dar es Salaam ni Lufufu, ambaye filamu ya Hong Kong au ya Bombay ikipita kinywani mwake ilikuwa imeshakuwa ya Manzese. Sisi tulifanya yetu. Siku moja mashine ilikuwa mbovu, fundi hajaja, tukakaa kivulini watu kama 8 tukatazama The Gold Rush ya Charlie Chaplin, ya mwaka 1925. Haina mazungumzo ya kusikika, na maandishi yake ni ya Kiingereza, kwa hiyo kijana mmoja wa Bariadi alijipa kazi ya kuwasemea wote.

Hadithi ni ya watu waliokimbilia dhahabu kwenye barafu za kaskazini kabisa ya Amerika, mwishoni mwa karne ya 19. Chaplin, kibushuti mwenye kofia na fimbo, amekwama kibandani na jitu moja liitwalo Big Jim, chakula kimekwisha. Basi anachemsha kiatu. Anakipakua kwenye sahani, anakikata kama nyama ya sherehe, anazungusha kamba zake kwenye uma kama tambi. Mtafsiri wetu akasema, "Hapo sponsa kachelewa kuleta unga." Watu walivunjika mbavu. Mimi baadaye nilisoma kwamba kiatu kile kilitengenezwa kwa peremende nyeusi ili kiweze kulika, nikatamani nisingelijua.

Halafu njaa inazidi, na Big Jim anapomtazama Chaplin anamwona ni kuku mkubwa. Anamfukuza na bunduki. Sinema inataka ucheke, nasi tulicheka, lakini mzee mmoja aliyekuwa nyuma yetu, mtu wa maduara tangu ujana wake, alisema polepole, "Hiyo nayo ipo. Tamaa ikizidi njaa, mwenzako unamwona kitoweo." Hakuna aliyemjibu. Mwishoni Chaplin anakuwa milionea, kama yule wa basini. Tofauti ni kwamba kabla ya kukupa milionea wake, Chaplin amekulisha kiatu kwanza.

Tulitazama na nyingine, The Treasure of the Sierra Madre, ya John Huston, 1948, iliyotoka kwenye riwaya ya B. Traven. Watu 3 wanachimba dhahabu milimani Meksiko. Wanapata. Na siku wanapopata ndipo usingizi unapowaruka: kila mmoja anaficha fungu lake, kila mmoja anahesabu hatua za mwenzake usiku. Humphrey Bogart anacheza mtu anayeoza taratibu kwa shaka, mpaka unamwogopa. Mwisho majambazi wanaikamata mizigo, wanadhani vumbi la dhahabu ni mchanga tu, wanalimwaga, na upepo unalirudisha lilikotoka. Kivulini palikuwa kimya kama msibani. Ni yule mtafsiri wa Bariadi tu aliyenong'ona, "Mzee wa watu, bora angeniuliza mimi." Kwa maoni yangu hakuna sinema ya dhahabu inayoifikia hiyo, na haina hata kilo moja ya dhahabu ya kuonyesha.

Nimefika kwenye neno zito, naomba univumilie. Nampenda Steven Kanumba, na sioni haya. Alizaliwa Shinyanga 1984, akafariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 2012, ana miaka 28 tu, na siku ya kumzika umati ulifurika. Kwetu sisi alikuwa ushahidi kwamba mtoto wa Shinyanga anaweza kuwa sura ya sinema ya nchi nzima, na hata kuvuka mpaka: mwaka 2006 alicheza Dar 2 Lagos pamoja na Wanigeria. Kwa hiyo ninachosema hapa simsemi yeye, nasema soko zima lililomzunguka, letu na la Nigeria. Kuna aina ya sinema ambayo mimi nimeacha kuifurahia: ile ambayo mtu maskini anakwenda kwa mganga, anaambiwa alete kiungo cha mtu, analeta, na fedha zinaanza kumiminika.

Mshikaji alinipinga. Alisema, "Sinema haishiki panga, bwana we. Na mwisho wake yule mtu huwa anapata wazimu au anakufa. Ni mafundisho." Ni kweli hadithi za namna hiyo huwa na adhabu mwishoni. Living in Bondage ya Nigeria, 1992, ambayo ndiyo kama bibi wa sinema hizo, ina mume anayemtoa mkewe kafara ili atajirike, na mzimu wa mke unamfuata hadi akili zinamruka. Lakini nilifanya jaribio. Pale karashani niliwauliza wenzangu waliowahi kuziona: unakumbuka nini? Walikumbuka chama cha siri. Walikumbuka magari. Adhabu ya mwisho waliitaja wawili, nao baada ya kufikiri. Mwisho unahubiri, lakini katikati panafundisha mapishi.

Hili si jambo la darasani huku kwetu. Kuanzia miaka ya 2006 na 2007 watu wenye ualbino waliuawa na kukatwa viungo katika mikoa hii ya Ziwa, kwa imani kwamba viungo vyao vinaleta utajiri, dhahabu kwa mchimbaji na samaki kwa mvuvi. Septemba 2009 Mahakama Kuu ilipoketi Kahama iliwahukumu kifo watu 3 kwa kumuua mvulana wa miaka 14. Ilikuwa hukumu ya kwanza ya kesi hizo. Pale Buhangija, Shinyanga, watoto wenye ualbino walipelekwa kuishi shuleni kwa sababu nyumbani kwao hapakuwa salama. Nimekua nikipita barabara ile. Mtoto anahamishwa kutoka kwa mama yake ili mtu mwingine asimgeuze dawa ya bahati. Niambie ni hadithi gani ya utajiri inaweza kusimuliwa mbele ya geti lile bila kuona aibu.

Ndiyo maana sinema iliyonigusa kuliko zote mwaka huu ni In the Shadow of the Sun, ya Harry Freeland, iliyotoka 2012. Ni ya kweli, si ya kuigiza. Inamfuata Josephat Torner, Mtanzania mwenye ualbino, anayekwenda vijijini, vikiwemo vile palipotokea mauaji, na kuwauliza watu ana kwa ana wanamwonaje. Inamfuata pia kijana Vedastus wa Ukerewe, ambaye anachotaka ni shule. Josephat anapanda hata Mlima Kilimanjaro, na mimi nisiyependa mlima nilipanda naye. Wanakijiji wanacheka kwa haya, wanamgusa, wanaanza kuongea. Sinema hii haina mganga anayepika. Ina yule aliyekuwa anatakiwa chunguni, na anaongea kwa jina lake. Hiyo ndiyo tofauti ninayoidai. Mwandishi akitaka kuandika habari za uganga na aandike, uganga upo. Lakini yule anayelipia bahati awekwe ukurasa wa kwanza, awe na jina, na mama, na daftari la shule.

Kwa bahati nzuri mfano tunao hapa hapa ziwani, na ni mkongwe kuliko sinema zote hizo. Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali, cha Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Wengine wanakiogopa kwa unene wake. Mimi nilikisoma kwa wiki 7, nusu kwa taa ya simu. Mume na mke wanapendana, hawana mtoto. Wazazi wa mke wanamchukua binti yao kwa sababu ya maneno ya ukweni, na mume inabidi akatafute ndizi, atengeneze pombe ya kumkomboa mkewe. Halafu anatafutwa mganga. Mganga huyu anauliza, anatazama, anachimba mizizi, anatoa masharti, anarudi tena. Hatoi mtu kafara. Dawa yake ni subira, na baada ya subira watoto wanapatikana. Neno ni lile lile, mganga, lakini huyu anajenga nyumba na yule wa kwenye kideo anaibomoa.

Kitabu kinakwenda polepole, sikatai. Kuna kurasa nyingi za kuvua samaki, kuchunga, kusalimiana, na salamu zenyewe ni ndefu. Lakini Kitereza aliimaliza riwaya hii kwa Kikerewe mwaka 1945 na hakupata mchapaji. Ikabidi aigeuze mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980, miaka 35 baadaye. Mwaka 1981 mzee akafariki. Nikikumbuka hilo, naona haya kulalamika kwamba shairi langu limerudishwa mara 2.

Na mzaliwa mwingine wa Ukerewe, Euphrase Kezilahabi, aliyefariki Januari 2020, ndiye niliyemsoma mwisho kabla ya siku ya shauri letu. Dunia Uwanja wa Fujo, ya 1975. Tumaini anarithi mali ya wazazi, anaitapanya, baadaye anatulia na kuwa mkulima mwenye mafanikio, kisha siasa ya Ujamaa inaifikia mali yake, naye anaua na kunyongwa. Riwaya hii ni chungu, na sehemu nyingine Kezilahabi anamhukumu mhusika wake kabla hatujamaliza kumjua. Lakini anaelewa jambo moja kuliko waandishi wengi: mali ya urithi ina sauti za watu ndani yake. Ukiigusa, zinaamka.

Siku ya shauri ilifika. Mayu hajui kusoma vitabu, lakini anajua kusikiliza. Nilimsimulia Myombekere anavyohangaikia pombe ya kumrudisha mkewe, akacheka mpaka akashika kiuno, akasema, "Huyo ni mwanamume." Kisha nikatoa neno langu. Sikutaja Nobel wala Bogart. Nilisema katika daftari langu majina ya watu walioleta viroba mara moja tu na wasionekane tena ni mengi kuliko ya waliorudi, na kwamba kaka ana haki ya kujaribu, ila ng'ombe wale si bahati ya mtu mmoja. Maziwa yao ndiyo yaliyotusomesha. Kaka alijibu kwamba mimi naogopa kwa sababu nasoma sana. Labda. Mayu alinyamaza, akatema mate pembeni, akakata: majike hawatoki zizini. Madume 3 wauzwe, kaka aende na fedha hiyo, na akipata, kitu cha kwanza kurudi nyumbani kiwe ndama, si gari.

Kaka alinuna siku 2. Ya 3 akachukua fedha akaondoka. Sasa yuko duarani, si mbali na ninapofanya kazi, na mpaka ninapoandika haya jiwe halijatoka. Juzi alileta viroba 6 vya majaribio. Niliviandika kwenye safu ile ile ya wengine wote: jina, idadi, tarehe, deni. Mkono ulinitetemeka kidogo.

Sasa ombi langu kwenu, ndugu zangu mnaoandika. Geita ina nyimbo, ina sinema za wageni, ina hadithi ya basini. Tangu Machi 2019 ina hata soko la dhahabu, ambapo kila gramu inapimwa mbele ya macho ya Serikali. Riwaya ya Kiswahili ya duarani, yenye wale wengine wote na siyo yule mmoja tu, kwenye meza za vitabu za stendi zetu bado sijaiona. Aliye nayo kwenye daftari lake aitoe. Nami ninayo kurasa 40 za kwangu, mbaya mbaya hivi, lakini zina majina ya watu. Tubadilishane. Peponi nimeshanunua nakala yangu, nitaiazimisha kwa masharti ya yule mwalimu: siku 10, na pembe za ukurasa zisikunjwe.